Maji yamebonyea kwenye silinda: nisome wapi, na kwa nini majibu yangu hayalingani?

*"Nimeanza kazi ya kuandaa vifaa katika maabara ya shule, na vipimo vinanisumbua. Nikipima maji mililita 50 kwenye bikari kisha nikayamimina kwenye silinda ya kupimia, napata 47 au 48. Kwenye silinda ya kioo maji yanabonyea katikati, lakini kwenye ya plastiki yamenyooka tu. Nimeambiwa siku zote nisome chini ya mbonyeo, ila nikiweka pamanganeti ya potasiamu sioni chini wala nini, ni zambarau tupu. Kwenye titresheni, nikisimama mbele ya bureti tangu mwanzo hadi mwisho bila kusogea, jibu langu huwa pungufu kuliko la mwenzangu kwa karibu mililita 0.3. Yeye anasema ni kwa sababu siipulizi pipeti kumalizia tone linalobaki. Shida ni macho yangu, mikono yangu, au vyombo?"*

Umeuliza mengi kwa mpigo, lakini nyuma yake nasikia hofu moja: kwamba huenda huna mkono wa kazi hii. Hofu hiyo iweke kando. Kwa maelezo yako, mikono haina shida. Bikari nayo haina kosa, imepewa tu kazi isiyo yake. Ile 0.3 ya titresheni, yaani kazi ya kudondosha kioevu kutoka bureti (lile bomba refu lenye mistari na koki) hadi mmenyuko ukamilike, karibu niape kwamba ni macho, na simaanishi macho mabovu, namaanisha mahali ulipoyaweka. Na pipeti, kile kijibomba cha kuvutia na kuhamishia kioevu, tafadhali usiipulize kabla hujasoma kilichoandikwa juu yake.

Tuanze na bikari kwa sababu hapo hakuna fumbo. Mistari ile ya ubavuni ni ya kukadiria, na watengenezaji wengi huandika wenyewe kwa herufi ndogo kwamba inaweza kukosea kwa asilimia 5 huku au huku. Kwa mililita 50, hiyo ni 47.5 hadi 52.5, na hakuna wa kumlaumu. Tena tazama upana wake. Bikari ya mililita 100 ina kipenyo cha ndani cha karibu sentimita 5. Hapo maji yakipanda milimita 1 tu umeshaongeza karibu mililita 2, na sijui nani anaweza kudai kwamba jicho lake halijakosea milimita 1 kwenye mstari mnene ulioanza kufutika. Sasa linganisha na shingo ya chupa ya ujazo (ile yenye shingo nyembamba na mstari mmoja wa kipimo), ambayo kipenyo chake ni sentimita 1 na kidogo: milimita ileile inakuwa kama mililita 0.1. Vyombo vyote vizuri vya kupimia vimejengwa kwa ujanja huo, kubana mahali pa kusomea ili kosa la jicho lizae kosa dogo la ujazo. Kwa hiyo 47 yako ya kwenye silinda ndiyo ya kuaminiwa. Bikari iachie kazi ya kukorogea, kubebea na kupashia moto.

Huo mbonyeo ndio watu wa maabara wanaouita meniski, na ukielewa unakotoka hutahitaji tena kukariri usome wapi. Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe. Kioo nacho huzivuta, na kikiwa kisafi huzivuta kwa nguvu zaidi kuliko zinavyovutana. Basi maji yanayogusa ukuta hupanda kidogo, yale ya jirani huburutwa nyuma yao na mvutano wa uso, na safari inaendelea hadi uzito wa maji yaliyoinuliwa uikatize. Matokeo yake ni uso uliopanda pembeni na kubonyea katikati. Mwanasayansi Thomas Young wa Uingereza aliueleza mwaka 1805 uhusiano kati ya kioevu, ukuta na pembe ambayo viwili hivyo hukutana, na mwanahisabati Laplace wa Ufaransa akauwekea hesabu karibu wakati huohuo. Huhitaji hesabu zao kusoma silinda, ila ni vizuri kujua kwamba jambo hili lina kanuni zake na chombo chako hakijaharibika.

Kupanda huko si kudogo kama watu wanavyodhani. Kwenye silinda ya kioo ya mililita 100, maji hupanda ukutani kama milimita 3, na kila mililita 1 huchukua urefu wa milimita 1.7 hivi. Piga hesabu: aliyesoma ukingoni na aliyesoma chini ya mbonyeo wanaweza kutofautiana kwa mililita 1.5 au zaidi, ilhali wanatazama maji yaleyale.

Kwa nini basi tusome chini? Wengi hudhani maji ya pembeni "hayahesabiki". Yanahesabika, yana ujazo wake kama maji mengine. Ila mtengenezaji alipokuwa anaweka alama, alikuwa na maji ya ujazo anaoujua, naye akaweka mstari palipogusa sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo. Kile kidogo kilichopanda ukutani kimeshahesabiwa ndani ya namba unayoisoma. Kusoma chini ni makubaliano kati yako na aliyechora mistari. Ukisoma ukingoni hukosei kwa sababu ukingo ni wa uongo, unakosea kwa sababu wewe na yeye mnatumia sifuri mbili tofauti. Ukilishika hilo, maswali yako mengine yanaanza kujijibu.

Chukua silinda ya plastiki. Plastiki zinazotumika sana maabara, kama polipropilini, hazivuti maji kama kioo kinavyoyavuta, ndiyo maana maji hayapandi ukutani na uso unabaki karibu bapa. Chombo hakina kasoro, wala hujakosea kukiosha. Soma pale uso ulipo. Kuna kioevu kimoja maarufu kinachofanya kinyume kabisa ndani ya kioo: zebaki. Yenyewe hujivuta kwa nguvu nyingi kuliko kioo kinavyoivuta, hivyo uso wake huvimba katikati, na wanaosoma barometa ya zebaki husoma kilele cha mbinuko. Chukua neno langu kwa hilo, usiimimine ili ujionee, mvuke wake ni sumu.

Pamanganeti sasa. Meniski ipo kama kawaida, ila rangi imeificha, kwa hiyo unasoma ukingo wa juu, mahali kioevu kinapogusa kioo. Swali linalofuata ni la maana zaidi: je, nimeharibu kipimo? Inategemea chombo. Kwenye bureti hujaharibu, kwa sababu jibu lako ni tofauti kati ya usomaji wa mwisho na wa mwanzo. Ukisoma ukingo mara zote mbili, urefu wa meniski unajifuta wenyewe. Utakachoharibu nacho ni kusoma ukingo mwanzoni na chini mwishoni, baada ya taa kuwashwa na macho kuzoea. Kwenye silinda hakuna usomaji wa pili wa kufuta wa kwanza: ukisoma ukingo, kioevu halisi ni pungufu ya namba unayoiona. Kwa kugawa kiasi cha kukadiria kwa wanafunzi haina neno. Kwa kutengeneza myeyusho wa nguvu maalumu, tumia chupa ya ujazo. Yeyusha kwanza punje zote ndani ya maji machache, ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa, kisha malizia kwa maji safi ukiyatiririsha polepole kupitia ukuta wa shingo. Maji hayo ya mwisho hukaa juu kwa muda yakiwa mepesi wa rangi, na meniski inaonekana. Ukiweka tochi nyuma ya shingo unaiona vizuri zaidi. Ikigusa mstari, ziba na upindue chupa mara nyingi hadi rangi iwe moja.

(Hapo hapo nikutahadharishe: "kuongeza hadi mstari" na "kuongeza mililita 100" ni mambo mawili. Mililita 50 za maji na 50 za ethanoli hazitoi 100, zinatoa karibu 96, kwa sababu molekuli zao hupangana kwa kubanana zaidi zikichanganyika. Nimeona watu wakiituhumu silinda yao kwa jambo hili.)

Sasa niende kwenye ile 0.3, maana ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Uliandika kwamba unasimama mbele ya bureti bila kusogea. Sentensi hiyo ndiyo iliyonipa jibu.

Mistari imechorwa mbele, juu ya ukuta wa kioo. Sehemu ya chini ya meniski iko katikati ya bomba, nyuma kidogo ya mistari. Jicho likiwa sawasawa na meniski, hivyo viwili viko kwenye mstari mmoja. Jicho likiwa juu, mstari wa kuona unakata ukuta wa mbele juu zaidi ya pale meniski ilipo. Likiwa chini, unakata chini zaidi. Hiyo ndiyo paralaksi, ileile inayomfanya abiria wa kiti cha mbele aone mshale wa spidi mahali tofauti na dereva. Kwenye silinda ya mililita 100, jicho likitazama kwa pembe ya nyuzi 10 tu kutoka juu, usomaji unapanda kwa zaidi ya mililita 1. Kwa nyuzi 30, yaani yule anayesoma amesimama huku silinda iko mezani, kosa linafika mililita 4 na zaidi. Tena anasoma zaidi ya kilichomo, hivyo kila siku anapunja.

Hamia kwenye bureti ya mililita 50. Kipenyo chake cha ndani ni kama sentimita 1.1, na kutoka mstari wa sifuri hadi wa 25 ni karibu sentimita 26. Tuseme uso wako uko sentimita 35 kutoka kwenye bureti na macho yamekaa katikati ya hapo. Mwanzoni unatazama juu: mstari wa kuona unakata kioo chenye namba chini ya meniski, na kwa kuwa namba za bureti zinaongezeka kwenda chini, meniski iliyo kwenye 0.00 unaiona kama 0.15 hivi. Mwishoni unatazama chini: mstari wa kuona unakata juu ya meniski, na iliyo kwenye 25.00 unaiona kama 24.85 au chini ya hapo. Ukitoa, unapata 24.70. Makosa mawili ambayo ungetarajia yafutane yameungana, na yametoa pengo lako karibu kamili. Mwenzako huenda huinama na kuinuka kuifuata meniski bila hata kujua kwamba anafanya jambo la maana.

Dawa yake haina gharama. Isogeze bureti kwenye kishikio, ishushe au ipandishe, au wewe piga magoti na uinuke, ilimradi kila usomaji jicho liwe sawa na meniski. Utajuaje kwamba liko sawa? Bureti nyingi nzuri zina mistari mikubwa inayozunguka kioo chote. Jicho likiwa mahali pake, mstari wa mbele unaufunika wa nyuma na unaona mmoja. Ukiona duara lililolala, sogea. Bureti nyingine zina utepe mweupe nyuma wenye mstari wa buluu katikati, uitwao mstari wa Schellbach. Kioevu kinaukunja mstari huo uonekane kama ncha mbili za mishale zinazogusana, nawe unasoma pale zinapogusana. Kama huna hiyo, kata kadi nyeupe, paka nusu yake ya chini rangi nyeusi, uishike nyuma ya bureti huku nyeusi ikiishia milimita 1 hivi chini ya meniski. Meniski inageuka kuwa kijitepe cheusi chenye ukingo mkali. Mimi naipenda kadi kuliko hata utepe wa buluu, kwa sababu inakulazimisha kusogea karibu na kutazama.

Nafasi kati ya mistari ya 0.1 kwenye bureti ni kama milimita 1. Igawe kwa jicho hadi 0.05, ukizoea hata 0.02. Usidai zaidi ya hapo. Tone moja lenyewe ni kama 0.05.

Pipeti: hapa mwenzako ameshika ukweli wa chombo kingine. Tafuta herufi zilizochapwa kwenye kioo. "TD" au "Ex" maana yake chombo kimepimwa kwa kile kinachotoka. Tone linalobaki kwenye ncha limeshatolewa kwenye hesabu. "TC" au "In" maana yake kimepimwa kwa kilichomo ndani, na hapo kinachobaki ukutani ni pungufu halisi. Pipeti ya kawaida yenye tumbo katikati ni ya kundi la kwanza. Iache itiririke yenyewe ikiwa wima, ncha ikigusa ukuta wa chupa iliyoinamishwa, subiri sekunde chache baada ya kusimama, kisha iondoe. Ukiipuliza umeongeza karibu tone zima, na titresheni itadai kiasi zaidi cha kumalizia. Kwa hiyo mwenzako naye hayuko safi: wewe unasoma pungufu kwa sababu ya macho, yeye anapata ziada kidogo kwa sababu ya pumzi. Zipo pipeti zinazotakiwa kupulizwa hadi mwisho, hasa baadhi ya zile nyembamba zenye mistari mingi, nazo huwa na maandishi au pete kwenye sehemu ya juu. Hata hizo zipulizwe kwa balbu ya mpira, si kwa mdomo. Kunyonya kwa mdomo usikubali, hata kama mkubwa wako wa kazi ndivyo alivyofundishwa.

Silinda nyingi za kioo ni za "In". Ndiyo maana ukimimina mililita 50 kutoka silinda moja kwenda nyingine huzipati zote. Kusuuza chombo cha kwanza na kumimina matone yaliyobaki kwenye cha pili kuna maana kama hicho cha kwanza ni cha "In". Kama ni cha "Ex", kusuuza ndiko kunakoharibu.

Mengine niyapitie haraka. Faneli iliyosahauliwa juu ya bureti hudondosha tone katikati ya kazi. Kiputo cha hewa chini ya koki kikitoka kinahesabiwa kama kioevu. Kioo chenye mafuta hukifanya kioevu kibaki ukutani kwa vijitone badala ya utando mmoja unaoshuka, na meniski inakuwa na ukingo uliochakaa upande mmoja. Osha kwa sabuni, suuza sana, tazama tena. Unapojaza bureti kwa asidi, ishushe kwanza hadi mdomo wake uwe chini ya uso wako, na miwani ya kinga iwe machoni. Joto lisikuumize kichwa: vyombo vingi vimepimwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji kutoka nyuzi 20 hadi 30 hutanuka kwa karibu asilimia 0.26 tu. Kwenye silinda ambayo yenyewe inaruhusiwa kukosea kwa nusu mililita au moja katika 100, hutaliona.

Hilo linanileta kwenye uchaguzi wa chombo, ambapo naona nguvu nyingi hupotea bure. Kama maelekezo yanasema "maji kama mililita 50", bikari inatosha na silinda ni kujichosha. Kama ni kugawa kemikali kwa wanafunzi, silinda. Bureti na pipeti ziache kwa ajili ya namba inayoingia kwenye hesabu. Pipeti ya daraja A, yaani la usahihi wa juu, ya mililita 25 hukosea kwa mililita 0.03 tu, lakini ni polepole na huvunjika ncha ukiitazama vibaya. Na chukua silinda ndogo kabisa inayotosha: kupima mililita 8 kwenye silinda ya 100 ni kujitafutia kosa ambalo silinda ya 10 ingeliondoa.

Ukitaka kujua kwa hakika kama kosa ni lako au la chombo, pima kwa mizani. Chukua silinda kavu ya mililita 100, ipime tupu, jaza maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake hadi mstari, ukisoma kama tulivyosema, kisha pima tena. Kwa nyuzi 20 tofauti iwe karibu gramu 99.7; kwa nyuzi 30, karibu 99.5. Haifiki 100 kamili kwa sababu maji yenye joto hilo ni mepesi kidogo kuliko gramu 1 kwa mililita, na hewa nayo huinua kiasi kidogo. Rudia mara kadhaa. Majibu yakitawanyika huku na huku, ni usomaji wako na utanyooka kwa mazoezi. Yakikaa pamoja lakini yote yakiwa mbali, mfano 97 kila mara, silinda ndiyo yenye kasoro.

Chombo cha namna hiyo, kama kinatumika kwa kazi nzito, kipelekwe kwa watu wa viwango na vipimo wenye mizani iliyothibitishwa, usijichoree mistari mipya kwa kalamu. Kama mistari inaonekana miwili hata jicho likiwa sawa, au lazima urudi nyuma ndipo uisome, muone mtaalamu wa macho. Miwani ya kusomea itakusaidia kuliko ushauri wangu wote. Kemikali ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yameisha. Na kama siku moja utaombwa upime dawa ya mtu kwa vyombo hivi, kataa. Kipimo cha dawa kitoke kwa mfamasia, kwenye sirinji au kikombe kilichokuja na dawa yenyewe, si kwenye silinda iliyowahi kubeba pamanganeti.

Kabla hujarudia titresheni, kagueni wewe na mwenzako ncha za pipeti zote kabatini. Iliyomeguka hutiririsha haraka kuliko ilivyokusudiwa na huacha kiasi tofauti cha kioevu ukutani, hivyo namba iliyoandikwa juu yake haina kazi tena. Zitoeni, kisha mpime sampuli ileile, kila mmoja akiifuata meniski kwa jicho na hakuna anayepuliza. Namba zenu zikitofautiana kwa 0.05 au 0.1, mko vizuri.